SOMO LA MAKATIBU: MWANACHAMA MZEE NA MALIPO KWA NJIA YA SIMU



Katika kukagua vitabu vya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa nilikuta wanachama watatu, wote wazee, wameandikiwa namba moja ya simu. Katibu alinijibu kwa moyo mweupe kwamba wazee hao hawana simu, na namba ile ni ya mjukuu wa mmoja wao, kijana mwaminifu. Kweli malipo ya awali yaliwafikia bila kupungua. Malipo ya pili yalikuja miezi mingi baadaye, kijana amekwisha kuhamia mjini, na wazee wakawa wanakuja ofisini kuuliza Chama Kikuu kitalipa lini. Vitabu vilikuwa safi. Kwa mujibu wa vitabu, wazee walikwisha kulipwa.

Kutuma fedha kwa simu kulianza nchini mwetu mwaka 2008, na hakuna ubishi kwamba kumewaondolea wahasibu wetu safari ya hatari ya kubeba fedha za msimu ndani ya mfuko. Siandiki ili turudi huko. Lakini mzee aliyezoea kuhesabu noti mbele ya katibu na kutia dole gumba kitabuni alikuwa na ushahidi wake mkononi. Sasa ushahidi umo katika kioo kidogo chenye herufi asizoziona. Husemwa kwamba wazee hawataki kujifunza. Mimi nawafahamu wasiojua kusoma ambao hukumbuka kilo zao za misimu mitatu kuliko madaftari yetu.

Tukumbuke pia usajili wa laini kwa alama za vidole wa mwaka 2019 na 2020. Vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini hulika, na mashine hushindwa kuvisoma. Mzee wa namna hiyo huenda akasaidiwa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au jirani, naye akaiita yake. Kwa hiyo haitoshi katibu kuuliza, "Namba yako ni ipi, mzee wangu?" Aulize pia imesajiliwa kwa jina la nani. Anayetuma fedha huonyeshwa jina la mwenye laini kabla ya kuthibitisha. Jina hilo lilinganishwe na rejista ya wanachama, na lisipolingana malipo yasimame kwanza.

Kuhusu namba ya siri, katibu asikubali kuambiwa, hata akibembelezwa na mzee mwenyewe. Badala yake amfundishe, na somo hili halina haraka. Kwenye simu ya vitufe, kitufe cha 5 huwa na kinundu. Kidole kikikipata hicho, vingine hujulikana kwa mahali vilipo, hata kwa macho hafifu. Mzee atume shilingi elfu moja kwa mwanawe mbele yako, kisha arudie siku nyingine bila kusaidiwa. Aelezwe kwamba ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni wa wezi, hata ukifika siku ile ile aliyokuwa na deni la kulipa.

Wapo ambao hawataweza kabisa, na hapo pana ugumu. Rai yangu ni kwamba mzee amteue mtu kwa maandishi, mbele ya shahidi asiye wa nyumba hiyo, kwa msimu mmoja tu. Na kila malipo yakitoka apewe karatasi yake yenye kilo na shilingi, asomewe kwa sauti. Karatasi hiyo wengine wataiona ni ya kizamani. Wale wazee watatu wangekuwa nayo, wasingetembea bure.

Kijana alipofuatwa alirudisha fedha za wazee wawili. Za babu yake hazijarudi, na mzee amekataa katakata chama kisimdai mjukuu wake.

Kabla ya msimu kufunguliwa nitapita katika vyama. Kila katibu aniandalie orodha ya wanachama wanaolipwa kwa namba zisizo za majina yao, pamoja na jina la mwenye laini na udugu wake na mwanachama.