Kazi ya Tehama Huletwa na Mtu wa Mbali

Binti anayemaliza masomo ya Tehama huambiwa aongeze vyeti, na ushauri huo si mbaya. Lakini cheti hakimletei habari ya nafasi iliyo wazi. Habari huletwa na watu. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwahoji wanaume wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamebadili kazi, na mwaka 1973 akachapisha alichokiona. Miongoni mwa waliopata kazi kwa kuelezwa na mtu wanayemfahamu, asilimia 17 hivi tu walielezwa na mtu wanayeonana naye angalau mara mbili kwa wiki. Wengine wote waliambiwa na watu wa mbali zaidi, hata wale wa kuonana mara moja kwa mwaka. Sababu inaeleweka: rafiki wa kila siku anajua yale yale unayoyajua, ilhali uliyesoma naye zamani, ambaye sasa yuko benki au kampuni ya simu, anasikia ya huko. Wanawake hawakuulizwa katika utafiti ule, lakini hoja hii inawagusa zaidi, maana mwanamke aliye peke yake kwenye timu ya waandishi wa programu mara nyingi hukosa mazungumzo ya baada ya kazi, ambamo habari za nafasi hupita kabla hazijatangazwa.

Wapo watakaosema huku ni kujuana, ule upendeleo tunaoulalamikia. Hapana. Upendeleo ni kumpa mtu kazi bila kumpima. Hapa tunasema juu ya kujua kwamba usaili upo. Atakayeitwa bado ataandika programu mbele ya wasaili, na ikigoma, imegoma.

Njia moja ya kukutana na watu hao wa mbali ni vikundi vya wanawake wa Tehama. Pingamizi zito zaidi ni kwamba vikundi hivyo huwatenga wanawake na wenzao. Kikundi cha wanafunzi watupu kweli huishia kupeana moyo, kwa sababu hakuna anayeingia na habari mpya. Lakini AkiraChix, kikundi cha wanawake wa Tehama cha Nairobi, kilianzishwa mwaka 2010 na wanawake waliokuwa tayari wataalamu wa programu. Mmoja wao, Angela Oduor Lungati, baadaye alikuja kuliongoza shirika la teknolojia la Ushahidi. Kikundi kitafute watu wa namna hiyo, wanaume pia waalikwe kutoa mada. Na mkutano wa saa 12 jioni unamfungia nje mama mwenye mtoto mchanga. Ni heri Jumamosi asubuhi, pawepo na mtu wa kuangalia watoto.

Anayeona haya kumwandikia mtu waliyepoteana naye anahitaji maneno machache tu: “Habari za siku nyingi, dada. Ulinitangulia mwaka mmoja chuoni. Nimeona uko kwenye usalama wa mitandao, nami nimeanza kujifunza. Naomba dakika 15 nikuulize kazi ilivyo huko.” Usimwombe kazi. Swali linalojibika akiwa kwenye daladala atalijibu. Baada ya wiki chache mrudishie habari: ushauri wake umeufanyia nini, umekwama wapi. Siku bosi wake akiuliza nani anaweza kuja kusaidia, atakuwa na jina la kutaja.