Dondoo muhimu: Kupona vyema baada ya kujifungua kwa upasuaji

• Mhudumu akiruhusu, anza na maji au chai, kisha uji mwepesi, ndani ya saa chache. Usishinde njaa ukingoja kutoa hewa.

• Meza dawa za maumivu kwa saa ulizopangiwa. Usisubiri maumivu yapande.

• Ganzi ikiisha, geuka ubavu, keti, ndipo usimame ukishikwa mkono. Kutembea hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni.

• Ukikohoa, shikilia khanga iliyokunjwa juu ya mshono.

• Mnyonyeshe mtoto mapema, ukimlaza ubavuni asiguse kidonda.

• Kidonda kiwe kikavu. Kisikandwe kwa maji ya moto.

Ukiona homa, usaha, damu nyingi, mguu kuvimba au pumzi kubana, rudi hospitali mara moja.