Mgongo Unauma: Tuulize Ushahidi



Tunapowatembelea, akina mama wengi hutuambia mgongo unawauma. Si ajabu. Mtungi wa maji, kuni, jembe, yote ni juu ya mgongo. Basi mtu akisikia kuna mtaalamu mjini wa kunyoosha mgongo kwa mikono, anaomba mkopo wa kikundi aende. Je, tumpe? Tujifunze kwanza.

Matibabu haya huitwa kairopraktiki. Yalianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka wa 1895. Palmer alisema alimbonyeza mgongo mfanyakazi mmoja aliyekuwa hasikii vizuri, naye akasikia. Kutoka hapo akafundisha kwamba karibu magonjwa yote huletwa na pingili za mgongo zilizohama mahali pake.

Lakini mtu mmoja kupona si ushahidi. Maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe baada ya wiki chache. Ukinyooshwa wiki ya pili utasema umeponywa, kumbe mwili ulikuwa unajiponya. Sisi wakulima tunajua: ukitaka kupima mbolea, unapanda mistari miwili, mmoja na mbolea, mwingine bila, halafu unalinganisha.

Watafiti wamefanya vivyo hivyo kwa wagonjwa. Mwaka wa 2011 yalikusanywa majaribio 26 juu ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Ilionekana kunyooshwa husaidia karibu sawa na mazoezi na tiba nyingine za kawaida. Mwaka wa 2017 uchunguzi mwingine ulionyesha nafuu ndogo kwa maumivu mapya. Kwa hivyo, kwa mgongo si uongo mtupu, wala si muujiza.

Je, pumu au masikio ya watoto? Huko Uingereza mwaka wa 2008, mwandishi Simon Singh aliandika gazetini kwamba ushahidi haupo. Chama cha wanyooshaji kilimshtaki kwa kuharibiwa jina. Mwaka wa 2010 majaji wa rufaa walimpa haki ya kujitetea kwamba yale yalikuwa maoni yake, na chama kikaacha kesi. Tunajifunza kwamba anayedai kuponya aonyeshe ushahidi, asimnyamazishe anayeuliza.

Kabla ya kutoa pesa, ulizeni:
1. Anatibu ugonjwa gani? Akisema yote, jihadharini.
2. Wasiotibiwa naye walipona kwa muda gani?
3. Ni mara ngapi atarudi, na kwa pesa ngapi?

Mtoto mwenye pumu apelekwe hospitali. Vilevile mwenye mgongo unaouma pamoja na homa, miguu kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo, au aliyeanguka, asinyooshwe na mtu yeyote. Aende hospitali upesi.

Kujadili: Ni dawa gani tuliyoisifu hapa kijijini kwa sababu ya mtu mmoja tu? Tungeipimaje?