Kabla ya Kununua Betri Nyingine: Kutafuta Hitilafu ya Swichi ya Taa kwenye Gari la Parokia



Katika mahesabu ya magari yanayoletwa kwenye vikao vya kamati kuna mfululizo wa risiti ambao wengi wetu tumeshauzoea. Mwezi wa kwanza ni betri. Mwezi unaofuata ni kutengeneza alteneta. Halafu balbu mbili, halafu betri tena. Mwisho wa robo dereva anasema kilekile alichosema mwanzo: taa kubwa zinafifia, na gari likipita kwenye rasta zinazimika kisha zinawaka zenyewe. Kila kifaa kilichonunuliwa kilikuwa halali na kina risiti yake, ila hakuna aliyepima kabla ya kununua. Somo la robo hii linahusu kupima. Tumeliandika kwa ajili ya mafundi na madereva wetu, na pia kwa ajili ya wanakamati wanaoidhinisha fedha, ili wajue swali la kuuliza.

Kwetu jambo hili si dogo. Kutoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi Mpanda mjini ni zaidi ya kilometa 100, na anayemleta mama mjamzito hospitali hachagui saa. Barabara ya kwenda Sumbawanga, ukishapita Sitalike, inaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako nyati na viboko hutembea usiku bila kumwogopa mtu. Tangu mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2012 lami imefika sehemu kubwa ya barabara kuu, lakini njia za kwenda vigangoni bado ni za vumbi kiangazi na za matope masika. Vumbi huingia kwenye swichi, unyevu hufanya shaba iote ukungu wa kijani, na rasta hulegeza kila kiungo cha waya.

Sasa tuingie kwenye umeme wenyewe. Umeme wa taa hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, waya, swichi na balbu, kisha hurudi kwenye betri kupitia ethi, yaani bodi na chasisi ya gari. Kila kiungo kibovu njiani hula sehemu ya volti, na kinachobaki ndicho balbu inachopata. Balbu ni kali katika jambo hili. Ikipungukiwa volti kwa asilimia 10 tu, mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana dereva anaona taa ni mbovu kabisa wakati betri na alteneta ni wazima.

Kazi ya mita basi ni kama ya mkaguzi wa hesabu. Volti kadhaa zimetoka ofisini, volti chache zimefika kwa mlengwa, na tofauti lazima ijulikane ilikobaki.

Tuchukue mfano wa Land Cruiser ya dizeli, lile gari la mlango wa nyuma ambalo karibu kila parokia inalifahamu, yenye umeme wa volti 12. Washa injini, washa taa, na uziache zinawaka muda wote wa kupima. Hili tunalisisitiza kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fundi anachomoa plagi ya swichi, anaweka mita kwenye kipimo cha omu, inalia, anasema swichi ni nzima. Lakini mita katika kipimo hicho hupitisha umeme mdogo sana. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonekana mzima, na kontakti iliyoungua nusu itaonekana nzima. Ugonjwa huonekana pale tu mzigo halisi unapopita.

Pima kwanza kwenye betri. Tuseme umepata volti 13.8, maana yake alteneta inachaji vizuri na hakuna haja ya kuigusa. Sasa nenda kwenye taa, sukuma ncha za mita nyuma ya plagi ya balbu bila kuichomoa, upime kati ya miguu miwili inayotumika. Tuseme umepata 10.6. Volti 3.2 zimepotea njiani.

Hatua inayofuata ni kugawa njia vipande viwili. Weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa balbu unaopokea moto. Mita ikisoma 0.4, upande huo umekula 0.4 tu. Kisha weka ncha moja kwenye mguu wa pili wa balbu na nyingine kwenye hasi ya betri. Inasoma 2.8. Hesabu imefunga: 0.4 na 10.6 na 2.8 ni 13.8. Mwizi yuko upande wa kurudi.

Hapa kuna jambo linalowapoteza mafundi wengi wazuri, hasa waliozoea magari madogo. Kwenye magari mengi swichi ya taa hukata upande wa moto: ukizima, balbu haina moto kabisa. Lakini kwenye Land Cruiser nyingi za familia ya 70, moto hufika kwenye balbu kwanza, na swichi iko upande wa ethi. Kwa hiyo taa ikiwa imezimwa na swichi, fundi anaweza kugusa kwa testa na kukuta moto kwenye miguu yote ya balbu. Anashangaa, anadhani kuna shoti, anaanza kukata waya mzima. Hakuna shoti. Moto umepita ndani ya balbu na kusubiri upande wa pili, kwa sababu njia ya kurudi imefungwa. Taa ikiwashwa, mguu ule wa kurudi unatakiwa kushuka hadi karibu na sifuri. Ukibaki na volti 2.8, hizo ndizo zilizopotea kati yake na hasi ya betri.

Sasa fungua kava la plastiki chini ya usukani, tafuta plagi ya swichi, na upime kati ya waya unaoingia na unaotoka, taa zikiwa bado zinawaka. Swichi nzima haipaswi kula zaidi ya volti 0.2 hivi. Katika mfano wetu inasoma 2.5. Volti 0.3 zilizobaki ziko kwenye waya na kwenye boliti ya ethi, ambayo utailegeza, utaipiga msasa na kuikaza tena. Mkiacha mita imeunganishwa na mtu mwingine akatikisa waya na mkono wa swichi taratibu, mtaona namba inaruka. Hilo ndilo dereva aliloliona kwenye rasta.

Zidisha na uone. Balbu mbili za wati 55 huvuta karibu ampea 9. Volti 2.5 mara ampea 9 ni zaidi ya wati 20 za joto ndani ya kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani. Gusa swichi baada ya taa kuwaka nusu saa. Ikiwa ya moto, au ina harufu ya plastiki iliyoungua, pumzisha gari hilo safari za usiku mpaka litengenezwe.

Je, swichi iliungua kwa nini? Mara nyingi jibu liko mbele ya bampa. Mtu mwema ametoa zawadi ya taa mbili za ziada za wati 100 kila moja, na fundi amezifunga kwa kuunganisha waya wake kwenye waya wa taa kubwa. Taa kubwa peke yake, zikiwa katika mwanga wa mbali, zinavuta ampea 10. Zile za ziada zinaongeza karibu 17. Ampea 27 zinapita kwenye kontakti ambazo hazikutengenezewa mzigo huo. Fyuzi ikiungua, inabadilishwa na kubwa zaidi, au inafungwa kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya. Hapo sasa kinachoungua ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi, gari likiwa na watu. Tungependa wafadhili wanaotoa taa za namna hii watoe pamoja nazo rilei na fyuzi zake. Gharama inayoongezeka ni ndogo.

Kusafisha kontakti za swichi kwa msasa laini kunasaidia kwa wiki kadhaa, na safarini si vibaya. Lakini utando wa nje wa kontakti ukishaungua, swichi mpya inahitajika, na swichi mpya bila rilei itaungua kama ya kwanza. Rilei hufungwa karibu na betri. Miguu yake ina namba: 30 hupokea moto kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, 87 hupeleka kwenye balbu, na 85 na 86 ni koili. Swichi ya usukani inabaki na kazi ya kuamuru koili tu, ambayo huvuta sehemu ndogo ya ampea moja. Weka rilei moja kwa mwanga wa karibu na nyingine kwa mwanga wa mbali, kila moja na fyuzi ya ampea 15, na waya wa milimita za mraba 2.5. Kwenye gari lenye swichi upande wa ethi, mguu mmoja wa koili unapewa moto na mwingine unakwenda kwenye waya wa swichi, na mguu wa ethi wa balbu sasa unafungwa kwenye bodi. Seti za waya zinazouzwa tayari nyingi zimetengenezwa kwa mpango ule mwingine, kwa hiyo kabla ya kununua, thibitisha gari lenu ni la aina gani.

Taa za breki ni rahisi zaidi, tutazipitia haraka. Swichi yake iko juu ya kanyagio la breki na ina waya mbili. Ziunganishe kwa kipande cha waya chenye fyuzi. Taa zikiwaka, balbu na waya ni wazima. Tatizo ni swichi, au imesogea tu mahali pake na inahitaji kurekebishwa. Zisipowaka, tafuta fyuzi na ethi kwanza.

Tunaziomba kamati zote, kuanzia robo ijayo, kila ombi la kununua betri, alteneta au swichi liambatane na namba nne zilizoandikwa kwenye daftari la gari: volti za betri injini ikiunguruma, volti kwenye balbu, zilizopotea upande wa moto, na zilizopotea upande wa kurudi. Mita ya kawaida ni rahisi mno ukilinganisha na betri mpya, na parokia mbili za jirani zinaweza kutumia moja. Baada ya matengenezo namba hizohizo zipimwe tena na kuandikwa chini ya zile za kwanza. Zipimwe pia mara moja kila masika yakiisha, wakati unyevu umeshafanya kazi yake kwenye boliti za ethi.