Mimba Iliyowahi Kuharibika na Dawa za Ujauzito Unaofuata

Mwanamke aliyepoteza mimba moja bado ana nafasi kubwa ya kujifungua salama mimba inayofuata. Tunaanza na jambo hili kwa kuwa hofu huwapeleka baadhi ya akina mama dukani kabla ya kufika kliniki. Takriban nusu ya mimba zinazoharibika katika wiki 12 za mwanzo huwa na kasoro ya vinasaba vya mtoto. Haziharibiki kwa sababu mama alilima maharage, wala kwa kijicho cha jirani.

Mimba zikiharibika mfululizo, uwezekano wa kupoteza nyingine huongezeka. Hapo mama anastahili kuchunguzwa kisukari, shinikizo la damu, kaswende, tezi ya shingo, umbo la mfuko wa uzazi na kuganda kwa damu. Baba naye apime kaswende. Si haki mama abebe lawama peke yake.

Wapo wanaoulizia "dawa ya kushikilia mimba". Kwa kawaida hiyo ni homoni ya projesteroni. Yaweza kumfaa mama aliyewahi kupoteza mimba na ambaye sasa anatokwa damu mwanzoni mwa ujauzito. Kwa asiyetokwa damu, faida yake haijathibitika. Ni dawa ya cheti. Muuzaji anayekupa bila cheti hakutendei wema.

Mkoani Kagera kuna malaria, na malaria yenyewe huharibu mimba. Hata hivyo, vidonge vya SP havimezwi katika miezi mitatu ya kwanza. Hutolewa kliniki baada ya hapo, angalau dozi tatu, zikipishana mwezi mmoja au zaidi. Anayetumia kotrimoksazoli hapewi. Foliki asidi ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP, ilhali ya miligramu 0.4 haina tatizo hilo. Basi soma pakiti kabla ya kulipa.

Uwe mkazi wa Nyabiyonza unayehudumiwa kijijini au uliyepewa rufaa kwenda Nyakahanga, mtajie mhudumu kila mimba iliyoharibika na umri wake. Ukiwa umefuatana na mama mkwe na hupendi asikie, omba faragha. Ni haki yako. Mwenye kundi la damu hasi aseme mapema zaidi: mimba ikiharibika, sindano ya kinga, daktari akiona inahitajika, hutolewa ndani ya saa 72.