Mtoto Akiuliza, "Maana Yake Nini?"

Somo la 13: Desemba 19–25, 2026

SABATO ALASIRI, Desemba 19

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kut. 12:24-27, Kum. 6:4-9, Neh. 8:9-12, Yer. 10:1-5, Mt. 2:1-12; Lk. 2:1-24, Rum. 14:10-13.

Fungu la Kukariri: Luka 2:11. Likariri pamoja na mtoto wako, kidogo kidogo, kila jioni ya juma hili.

Katika nyumba moja ya Waadventista, Krismasi ilipita vizuri. Mbuzi alichinjwa, wageni walikuja, watoto walivaa nguo mpya na soda zilitosha. Jioni, kwenye ibada ya nyumbani, baba alimuuliza mtoto wake wa miaka mitano, "Leo tulikuwa tunasherehekea nini?" Mtoto akajibu bila kusita, "Mbuzi." Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Nyumba ya pili, ya Waadventista vilevile, Krismasi haikutajwa kabisa. Watoto walipouliza kwa nini wenzao wamevaa nguo mpya, waliambiwa, "Hayo si ya kwetu." Basi. Wakaenda kuchungulia kwa jirani.

Wazazi wa nyumba zote mbili wanampenda Bwana. Lakini siku ilipokwisha, hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amesikia habari za Yesu. Juma hili tutajiuliza: mtoto mdogo anajifunza nini juu ya Mwokozi kutokana na yale tunayofanya siku hiyo, au tusiyofanya?

JUMAPILI, Desemba 20
Tarehe Isiyotajwa

Soma Luka 2:1-8. Luka anataja mambo gani kwa makini? Ni jambo gani hakulitaja?

Luka anamtaja Kaisari Augusto, liwali Kirenio, mji wa Daudi, hori na wachungaji. Tarehe hakuitaja, wala Mathayo hakuitaja. Ushahidi wa mapema unaofahamika wa sikukuu ya Desemba 25 unatoka Rumi, katika kumbukumbu zilizokusanywa mwaka 354, muda mrefu baada ya mitume kulala. Kwa hiyo Krismasi si agizo la Mungu wala si siku takatifu. Siku ambayo Mungu aliibariki na kuitakasa tangu uumbaji ni ya saba (Mwa. 2:2, 3).

Je, kutojua tarehe kunatuzuia kushukuru? Wengi wetu tuna bibi asiyejua tarehe aliyozaliwa, na bado tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Ellen White, katika gazeti la Review and Herald la Desemba 9, 1884, alieleza kwamba Mungu aliificha siku hiyo ili heshima impasayo Kristo isipewe siku. Hata hivyo alitambua kuwa ni vigumu kwa wazazi wenye watoto kuiacha ipite kimya, akashauri itumike kwa kusudi jema.

Tafakari: Mwambie mtoto leo, "Siku aliyozaliwa Yesu hatuijui. Tunajua kwamba alizaliwa, na tunajua kwa nini."

JUMATATU, Desemba 21
Mtoto Atauliza

Soma Kutoka 12:24-27 na Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Mungu alitarajia watoto wafanye nini waonapo ibada ya Pasaka?

Pasaka ililiwa nyumbani. Mtoto aliona damu mlangoni, akasikia harufu ya nyama iliyookwa, akaonja mboga chungu. Ndipo akauliza, na mzazi alikuwa na jibu tayari. Mungu hakusema mtoto akemewe, wala aambiwe asubiri mpaka akue.

Pasaka iliamriwa na Krismasi haikuamriwa, tusizichanganye. Lakini njia ya kumfundisha mtoto ni ile ile. Mtoto wa miaka mitatu hafundishwi kwa hubiri la dakika arobaini. Anajifunza kwa macho, mikono na mdomo wake, kisha anauliza.

Basi kabla hujapanga chochote kwa ajili ya Ijumaa, jiulize: "Mwanangu akisema, 'Hiki maana yake nini?' nitamjibu nini?" Kama jibu haliwezi kumfikisha kwa Yesu, jambo hilo si la lazima.

JUMANNE, Desemba 22
Mti na Mzee wa Zawadi

Soma Yeremia 10:1-5. Nabii anazungumzia kitu gani hasa?

Fungu hili husomwa mara nyingi kuwahukumu wenye mti wa Krismasi. Lakini Yeremia anaeleza kazi ya fundi wa sanamu: anakata mti, anauchonga, anaupamba kwa fedha na dhahabu, kisha watu wanauogopa. Kosa ni kuabudu. Mwaka 1879 Ellen White alikubali kuwa na mti kanisani, utundikwe sadaka kwa ajili ya kazi ya Mungu. Anayeweka tawi la msonobari sebuleni asihukumiwe, na asiyeliweka asilazimishwe.

Jambo zito zaidi ni ukweli (Efe. 4:25). Mtoto akiambiwa kwamba yuko mzee asiyeonekana, anayejua matendo yake yote na kumletea zawadi, atasadiki. Siku moja atagundua kwamba ni baba aliyenunua dukani. Tutamwambia nini basi juu ya Mungu, ambaye naye haonekani na anajua yote?

Mpe habari ya kweli. Palikuwa na askofu aitwaye Nikolao katika karne ya 4, aliyekumbukwa kwa ukarimu. Aliishi Mira, mji ule ambao Paulo alipitia akiwa mfungwa (Mdo. 27:5). Zawadi za nyumbani zinatoka kwa mama na baba, nao wamepewa na Mungu.

JUMATANO, Desemba 23
Hori, Nyumba, na Hua Wawili

Soma Luka 2:7, 21-24 na Mathayo 2:9-11. Wachungaji walimkuta mtoto wapi? Mamajusi walimkuta wapi?

Wachungaji walikwenda horini. Mamajusi waliingia nyumbani. Zawadi zilikuwa za aina tatu, ila idadi ya mamajusi haikutajwa. Punda wa Mariamu naye hatajwi. Tusimulie yaliyoandikwa, maana yanatosha.

Tazama sadaka aliyotoa Mariamu: hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Hiyo ilikuwa sadaka ya mama asiyeweza kupata mwana-kondoo (Law. 12:8). Yesu alizaliwa katika nyumba ambayo fedha haikutosha. Kwa mtoto ambaye mwaka huu baba hakupata za kumnunulia nguo mpya, hii ni habari njema kweli. Mwambie, "Hata kwao Yesu hazikutosha, na Mungu alikuwa pamoja nao."

Leo jioni waacheni watoto waigize. Kanga iwe nguo za kumfungia mtoto, tenga liwe hori, wadogo wawe wachungaji. Baba asome Luka 2 polepole.

ALHAMISI, Desemba 24
Sehemu kwa Wasio na Kitu

Soma Nehemia 8:9-12. Watu waliambiwa wafanye nini baada ya kusikia Neno?

Waliambiwa wale, wanywe, wafurahi, na wawapelekee sehemu wale wasiowekewa kitu. Furaha ya Mungu ina sahani ya pili. Kesho mkabidhi mtoto sahani hiyo, aipeleke kwa mikono yake mwenyewe kwa mjane au kwa jirani mgonjwa. Chakula kiwe kilichopakuliwa kwanza, kisiwe makombo.

Tusikope kwa ajili ya sikukuu (Rum. 13:8). Januari ina ada, sare na madaftari. Mtoto aliyekula pilau Desemba akarudishwa nyumbani Januari kwa kukosa ada hakutendewa wema.

Soma pia Warumi 14:10-13. Wewe uliyeamua kutosherehekea, usimwachie mtoto neno "hapana" peke yake. Msimulie habari za Mwokozi siku hiyo hiyo. Nawe unayesherehekea, usimdharau ndugu yako.

IJUMAA, Desemba 25
Kwa Kujifunza Zaidi

Mwaka huu Krismasi imeangukia Siku ya Maandalio. Jua likizama, Sabato imeingia. Mtoto ataangalia: Je, sufuria bado ziko motoni? Muziki bado unalia? Au mama amemaliza mapishi mapema, watoto wameogeshwa, na wageni wamekaribishwa kwenye ibada ya kufungua Sabato?

Kwa saa hiyo moja atajifunza ni ipi kati ya siku hizi mbili Mungu aliyoitakasa, hata kabla hajaambiwa. Mwaka 2027 Krismasi itaangukia Sabato yenyewe, kwa hiyo ni vema kuanza kujizoeza leo.

Na kwenye ibada jioni hii, muulize mtoto wako, "Leo tulikuwa tunamshukuru Mungu kwa ajili ya nini?" Sikiliza jibu lake. Likiwa si lile ulilotarajia, usimkemee. Mpakate, umsimulie tena.

Maswali ya Kujadili:

1. Ukikumbuka utoto wako, ulijifunza nini juu ya Yesu siku ya Krismasi? Nani alikufundisha?

2. Mtoto anauliza, "Kwa nini jirani wana mti na sisi hatuna?" Utamjibuje bila kumdharau jirani na bila kusema uongo?

3. Katika familia yenye ndugu wa madhehebu mbalimbali, bibi anataka wajukuu wote waende kwake Krismasi. Wazazi Waadventista wafanye nini Sabato inapokaribia?

4. Ni mtoto gani katika darasa lenu ambaye nyumbani kwao leo hakuna sahani? Kabla ya kufunga somo, amueni nani atakwenda.