SOMO KWA VIKUNDI VYA VIJANA: DRAFTI KWA BARUA-PEPE



Hapa Eastlands drafti huchezwa nje ya kibanda: ubao wa kadibodi, vifuniko vya soda na kelele nyingi. Lakini kijana wa Dandora na mwenzake wa Jericho watakutana lini? Baada ya fujo za 2007 na 2008, wengine waliogopa hata kuingia mtaa wa pili. Barua-pepe huvuka bila nauli wala woga. Fanyeni hivi:

1. Kila mmoja awe na ubao wake. Vile vyumba 32 vya kuchezea viandikwe namba, safu kwa safu, kuanzia juu kushoto.

2. Kete 12 zikae namba 1 hadi 12. Za mwenzake 21 hadi 32.

3. Kila barua ibebe hatua moja. "11-15" maana yake kete imetoka 11 ikaenda 15. Rudia pia hatua ya mwenzako, makosa yaonekane mapema.

4. Kubalianeni kwanza: kingi anaruka mbali? Kula ni lazima? Kila mtaa una sheria zake, na ugomvi huanzia hapo.

5. Jibu lije kwa siku mbili. Pesa zisiwekwe.

Kibandani watazamaji ni mashahidi. Kwa barua-pepe hakuna anayekuona ukiuliza kompyuta ikuchezee. Hapo ndipo uaminifu hupimwa.

Maswali ya kujadili:
(a) Mtaa gani tunauogopa, na kwa nini?
(b) Nani huko tutamwandikia kwanza?